Mwenye fowili ya mtumba aanzie chini ya gari

Kwa Mhariri,

Kila masika yanapokaribia, gereji za Nakuru na Kisumu hupokea magari ya fowili (yanayoweza kusukumwa na magurudumu yote manne) yaliyonunuliwa mwezi huo huo. Wenyewe wana hamu ya kufika nyumbani mashambani bila kusukumwa, na wengine wanataka kupanda hadi ukingo wa Menengai au kufika Mau Narok siku ambazo matatu zimesimama. Kazi wanazomtajia fundi hufanana: inua gari, funga matairi makubwa, weka taa za paani, tia bampa la chuma. Ni nadra kumsikia mtu akiuliza mafuta ya difu ya nyuma (kisanduku cha gia kinachogawa nguvu kati ya magurudumu) yana rangi gani. Naandika kuwaomba wanaoanza waugeuze mpango huo. Waanzie chini ya gari, fedha za mapambo zingoje.

Fowili iliyo kama ilivyotoka kiwandani, yenye breki, bushi (mipira ya viungo vya chini) na matairi mazima, hupita karibu barabara zote za vijijini kuanzia Molo hadi Budalangi. Iliyoinuliwa juu ya boljointi (viungo vya magurudumu ya mbele) zilizochoka husimama njiani, tena mahali pabaya, kwa sababu kila nyongeza ni mzigo mpya kwa kipuri ambacho tayari kilikuwa kinaomba kubadilishwa.

Kabla hata ya fedha kutoka mfukoni, mnunuzi ajue ni fowili ya aina gani. Land Cruiser za mfululizo wa 70, Hilux na Suzuki Jimny zina fowili ya kuingizwa: kwenye lami magurudumu ya nyuma peke yake ndiyo yanayosukuma, na dereva huunganisha ya mbele akifika kwenye matope. Prado nyingi, tangu zile za mfululizo wa 90, husukumwa na magurudumu yote wakati wote, na katikati zina difu ya tatu inayoweza kufungwa. RAV4 na X-Trail hazina gia nzito (za mwendo mdogo wenye nguvu) za transfa, kisanduku kinachogawa nguvu mbele na nyuma. Hizo zinafaa murram na utelezi wa kawaida, si kupanda mawe na makorongo.

Tofauti hii si ya vitabuni tu. Ukienda kwenye lami kavu na fowili ya kuingizwa huku umeunganisha mbele na nyuma, kila kona magurudumu ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma. Hakuna difu ya katikati ya kumeza tofauti hiyo, kwa hiyo mkazo hujikusanya kwenye propela (shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye ekseli) na ndani ya transfa. Usukani hukaza, gari hujizuia kana kwamba limeshikwa breki, na usiposikia onyo hilo kitu huvunjika. Kwenye matope au changarawe gurudumu huteleza kidogo na mkazo hutoka wenyewe. Basi fowili ya namna hiyo huunganishwa pale tu ardhi inapoteleza, na huachiwa kabla ya kupanda lami.

Magari ya mtumba yanayoingizwa Kenya hayaruhusiwi kuzidi miaka 8 tangu yasajiliwe mara ya kwanza, kwa mujibu wa kiwango cha KEBS (shirika la viwango la Kenya) kiitwacho KS 1515. Kwa mnunuzi wa fowili za zamani, maana yake ni kwamba Prado ya 90, ambayo nafasi yake ilichukuliwa na ya 120 mwaka 2002, imeshatumika hapa nchini kwa zaidi ya muongo mmoja. Karatasi za Japani hazitakwambia hali yake ya leo. Uliza ilifanyia kazi wapi hapa kwetu: kubeba maziwa Kuresoi, kuvuta trela la miwa, au kumpeleka mtu ofisini mjini. Omba risiti za vipuri. Nambari za kilomita kwenye dashibodi ziamini mwisho.

Kisha lala chini yake. Chasisi ikaguliwe juu ya ekseli ya nyuma, nyuma ya magurudumu, kando ya tangi la mafuta, na pale bodi inapokalia chasisi. Gonga kwa nyundo ndogo: chuma kizima hulia, chuma kilicholiwa na kutu hutoa sauti ya debe lililojaa mchanga. Lami nyeusi iliyopakwa juzi juzi chini ya gari la miaka 20 ni sababu ya kugonga mara mbili. Shika propela uizungushe huku na huku. Ukisikia mchezo na mlio wa chuma, spaida (viungo vya propela) zimekwisha. Mwombe mwenye gari mwende mahali penye changarawe, uingize fowili, kisha gia nzito, utembee mita 50 mbele na nyuma. Taa ya dashibodi kuwaka haitoshi, kwani kwenye Jimny zinazotumia habu (vitovu vya magurudumu) za kufungwa kwa mvuto wa hewa, mipira midogo ya kupitishia hewa hiyo ikipasuka taa inaweza kuwaka na magurudumu ya mbele yasivute kamwe. Mtu mmoja asimame kando atazame kama ya mbele yanakwaruza.

Gari likishakuwa lako, kazi ya kwanza ni kumwaga kila mafuta yaliyomo na kuanza upya, hata kama aliyekuuzia anaapa alifanya sevisi wiki iliyopita. Kwenye difu, giaboksi na transfa kuna sheria moja ambayo kila anayeanza aikariri: fungua bolti ya kujazia kabla ya kufungua ya kumwagia. Bolti ya kujazia hukaa miaka bila kuguswa na mara nyingine hukataa kutoka. Ukishamwaga mafuta yote ndipo ugundue kwamba huwezi kujaza, gari halitoki gereji siku hiyo. Mafuta ya difu kwa kawaida ni ya daraja la GL-5, ya 80W-90 au 85W-90. Giaboksi ya mkono soma kitabu chake, kwa sababu baadhi ya mafuta ya GL-5 hula pete za shaba zinazolainisha kuingiza gia. Giaboksi ya otomatiki pia ina mafuta yake maalum, na kuchanganya aina mbili ni njia ya mkato ya kununua giaboksi nyingine. Jaza mpaka yaanze kuchuruzika kwenye tundu la kujazia, gari likiwa tambarare, kisha ufunge kwa washa (pete ya kuzibia) mpya.

Mafuta yanayotoka yatazame vizuri, maana ni ripoti nzima. Yakiwa meusi na mazito, yamezeeka tu. Yakimeta kama rangi ya fedha, beringi zinaliwa. Sumaku ya bolti ikiwa na unga laini wa kijivu ni kawaida; vipande unavyoweza kuokota kwa kidole ni meno ya gia. Yakiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, na hapo usibadilishe mafuta ukaridhika. Tafuta maji yalipoingilia.

Mara nyingi hayakuingilia kwenye ufa wowote. Difu ina tundu dogo la kupumulia lenye valvu juu ya ekseli. Gari likitembea, difu hupata joto na hewa iliyomo hutanuka na kutoka. Ukiingia mtoni, tuseme kwenye vivuko vya Nyando, ekseli hupoa ghafla, hewa hujikunja, na difu huvuta pumzi ndani. Valvu ikiwa imezibwa na matope, difu huvuta kupitia sili (pete za mpira za kuzibia) za ekseli, na kilichoko nje ya sili wakati huo ni maji. Dawa yake ni rahisi kuliko taa moja ya paani. Ng'oa valvu, weka kiungio, vuta mpira wa mafuta wa milimita 8 kutoka kila difu hadi juu kwenye chumba cha injini, na vivyo hivyo kwa giaboksi na transfa. Mita 6 hadi 8 hutosha gari la kawaida. Acha mpira ulegee kidogo karibu na ekseli kwa sababu ekseli hupanda na kushuka. Usiufunge karibu na bomba la moshi. Mwisho wake wa juu uuelekeze chini na uuzibe kwa chujio dogo la petroli ili vumbi lisiingie. Mtu akiniuliza badiliko la kwanza la kufanya kwenye fowili, nitamtajia hili, ingawa hakuna atakayeliona barabarani.

Sasa joto la injini. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndiko magari mengi mazuri ya eneo letu yanakofia. Kisumu iko mita 1,131 juu ya usawa wa bahari, Nakuru karibu 1,850, na reli inapopita Timboroa imefika karibu 2,780. Kadiri unavyopanda ndivyo maji yanavyochemka mapema. Sufuria iliyo wazi Kisumu huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, na Timboroa karibu 91. Injini yenyewe hufanya kazi kati ya nyuzi 80 na 95. Kinachozuia maji yasichemke ndani yake ni kifuniko cha rejeta, ambacho hushikilia shinikizo la karibu bar 0.9 na kusogeza kiwango cha kuchemka hadi zaidi ya nyuzi 110. Mpira wa kifuniko hicho ukiwa umekauka, unapanda Mau Summit ukiwa umebeba gunia nane za viazi na nafasi iliyobaki kabla ya kuchemka ni ndogo sana. Kifuniko ni miongoni mwa vipuri vya bei ya chini kabisa kwenye gari zima. Kibadilishe siku ya kwanza, chenye namba ya shinikizo ile ile iliyoandikwa kwenye cha zamani.

Injini ya 1KZ-TE ya dizeli, iliyoko kwenye Prado za 90 na Toyota Surf nyingi, inajulikana kote kwa silinda hedi inayopasuka ikichemka hata mara moja. Dalili ni maji yanayopungua bila kuvuja popote, mipira ya rejeta iliyokaza asubuhi kabla injini haijawashwa, na mapovu yanayopanda kwenye rejeta injini ikinguruma. Usiingojee sindano ya dashibodi. Kwenye Toyota nyingi hukaa katikati joto likipanda polepole, na ikianza kusogea maji yameshaondoka. Geji ya joto ya ziada, au kengele inayolia maji yakipungua kwenye rejeta, ni nyongeza yenye thamani kuliko winchi kwa mtu anayeishi kati ya Londiani na Eldoret.

Kuna desturi ya kung'oa thamostati (valvu inayofunguka maji ya injini yakipata joto) ili injini ipoe. Tafadhali tuiache. Kwenye injini nyingi za dizeli za Toyota, thamostati ikifunguka hufunga pia njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini bila kupita rejeta. Ukiing'oa, njia hiyo hubaki wazi, sehemu ya maji moto huzunguka humo humo, na kwenye mlima gari huchemka zaidi kuliko mwanzo. Mahali tambarare nako injini haipati joto lake, na mafuta yake hayakaushi unyevu. Weka thamostati mpya ya halali. Maji yawe mchanganyiko wa kulantu (dawa ya maji ya rejeta) na maji safi nusu kwa nusu, kwa sababu maji matupu ya mfereji huacha chumvi na kutu kwenye mirija ya rejeta.

Angalia pia feni inayozungushwa na injini. Katikati yake kuna kiungio chenye mafuta mazito ya silikoni. Zima injini ikiwa moto, zungusha feni kwa mkono: ikizunguka mizunguko mitatu bila kukataa, mafuta yameisha. Mbele ya rejeta kuna kondensa ya eyakondishona, na katikati ya hizo mbili hujificha mbegu za nyasi, nzi na matope. Osha kwa maji ya shinikizo dogo kutoka upande wa injini kuelekea nje. Mashine za kuoshea magari zikilengwa karibu hukunja mapezi, na rejeta huziba kabisa.

Aliyepanda lazima ashuke, na mteremko wa kutoka Mau Summit kupitia Salgaa kurudi Nakuru hauhitaji maelezo kwa msomaji wa eneo hili. Mafuta ya breki huvuta unyevu kutoka hewani. Yale ya DOT 4 yakiwa mapya huchemka kwenye nyuzi 230 au zaidi. Yakishalewa maji hushuka kuelekea 155, na DOT 3 huweza kufika 140. Breki ikishikiliwa kilomita kadhaa, mafuta hayo huchemka, mvuke hujaa kwenye mirija, na pedali huzama hadi sakafuni. Yabadilishe kila baada ya miaka miwili na utoe hewa magurudumu yote, ukianzia na lililo mbali zaidi na silinda kuu, isipokuwa kitabu cha gari kiseme vingine. Na ushuke kwa gia, ile ambayo ungeitumia kupanda. Matairi makubwa na bampa zito huongeza mzigo wa breki zile zile za kiwandani, jambo ambalo muuzaji wa bampa hatakukumbusha.

Upande wa dizeli nitasema machache. Pampu na nozeli (zinazonyunyiza dizeli) za injini za kisasa, kama 1KD iliyo kwenye Prado nyingi za 120, hulainishwa na dizeli yenyewe. Dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa huzikausha. Nunua kwenye kituo chenye wateja wengi, mwaga maji chini ya chujio kila mwezi, na badilisha chujio kila kilomita 10,000. Kwenye 1KD washa za shaba zilizo chini ya nozeli zikivujisha, masizi hushuka kwenye oili na kuziba chujio la wavu lililo ndani ya sampu (bakuli la oili chini ya injini). Taa ya oili ikimweka kwenye kona, zima injini papo hapo. Sampu ishushwe wavu ukaguliwe. Mkanda wa taimingi kwenye injini hizi za dizeli ubadilishwe ukiufikisha kilomita 100,000, na kama hujui ulibadilishwa lini, ubadilishe leo. Vumbi la Solai na la njia ya Baringo huua injini polepole kupitia klipu moja ya nyumba ya chujio la hewa isiyofunga. Chujio la karatasi lipulizwe kutoka ndani kwenda nje kwa upepo mdogo, lisioshwe.

Baada ya hayo yote, ndipo tuzungumze juu ya matairi. Soma tarakimu nne za mwisho za msimbo unaoanza na herufi DOT ubavuni mwa tairi: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la zaidi ya miaka 6 ni gumu hata kama meno yake yanang'aa, na kwenye lami yenye mvua halishiki. Kwa anayetembea zaidi kwenye lami na murram, tairi la AT (la ardhi zote) linatosha. La MT (la matope), lenye meno makubwa yaliyoachana, linastahili kwa anayeishi kwenye udongo mweusi wa Kano, Ahero na kandokando, kwa sababu udongo ule hujaza meno ya karibu na kuligeuza tairi kuwa gogo. Hata MT ina kikomo pale. Minyororo ya magurudumu inabaki dawa ya kweli, mradi ifungwe kabla ya kuingia, maana ukishazama hadi ekseli hakuna mkono utakaofika nyuma ya tairi.

Ukubwa usirukwe ovyo. Prado yenye matairi ya 265/70R16 ikifungwa 265/75R16, kipenyo huongezeka kutoka milimita 777 hadi 804, karibu asilimia 3.4. Spidomita ikisema 80 uko karibu 83, na difu hupanda sentimita moja na kidogo. Hiyo gari huivumilia. Jimny ikitolewa 205/70R15 ikavishwa 215/75R15, ongezeko ni zaidi ya asilimia 5, na injini yake ya lita 1.3 isiyo na tabo tayari imepoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 za mwinuko. Gia ya tano hutaiona tena kati ya Nakuru na Timboroa.

Hewa ya matairi ndiyo kifaa kisichotumiwa. Lami psi (kipimo cha shinikizo) 32 au kama kibandiko cha mlangoni kinavyosema, murram yenye mikunjo kama ya mabati psi 25 hivi, matope laini 18 hadi 20, mchanga 16. Chini ya 15 tairi huweza kuchomoka kwenye rimu ukikata kona. Ukishusha hewa, punguza mwendo, na ujaze kabla ya kurudi lami. Kompresa iunganishwe moja kwa moja na betri, kwa sababu tundu la kiberiti cha sigara lina fyuzi ndogo.

Kuinua gari kuna kutoelewana kukubwa. Springi ndefu haziinui difu ya nyuma hata milimita moja, kwa kuwa difu iko kwenye ekseli na ekseli imekalia matairi. Zinachoinua ni bodi. Zinasaidia matairi yasikwaruze, na pembe za mbele na nyuma zisigonge ukingo, basi. Inchi 2 ndizo mwisho kwa anayeanza, na kwa springi zilizotengenezwa kwa uzito halisi wa gari lako pamoja na shokabzoba za urefu wake. Vipande vya chuma au plastiki vinavyosukumwa juu ya springi za zamani huongeza urefu bila kuongeza nguvu. Kwenye Hilux na Surf za zamani zenye tosheni ba (fimbo inayojisokota badala ya springi) mbele, kukaza bolti hadi gari lipande ni bure, na ndiyo sababu wengi hufanya. Lakini magurudumu hukosa nafasi ya kushuka, gari hudunda, na boljointi hufa kabla ya mwaka. Kwenye gari lenye springi za mabamba, usikubali kamwe kipande kiwekwe kati ya ekseli ya mbele na springi. Breki kali hukizungusha.

Baada ya kuinua, jeki chasisi mpaka ekseli ining'inie, kisha tazama mipira ya breki. Ikikaza kama uzi, ibadilishwe kwa mirefu kabla ya gari kugusa barabara. Kwenye Land Cruiser na Jimny zenye ekseli nzima mbele, kuinua hupunguza mlalo wa nyuma wa ekseli na usukani hupoteza tabia ya kurudi katikati. Gari huanza kutangatanga ukifika 80. Hapo huhitajika bushi za kurekebisha, si usukani mpya. Jimny inayotetemeka mbele kwa nguvu karibu na 70 ikaguliwe balansi ya matairi, beringi za kingpini (gurudumu la mbele linapogeukia) na bushi, kwa utaratibu huo. Damba (shokabzoba) ya usukani ikinunuliwa kwanza huficha ugonjwa. Peleka gari kwenye alaimenti (kunyoosha magurudumu), elekeza taa za mbele upya, kaza tena bolti za U baada ya kilomita 500 na nati za magurudumu baada ya 100. Ukibadilisha injini, rangi au umbo la bodi, ijulishe NTSA (mamlaka ya usafiri na usalama barabarani) ili logibuku ilingane na gari, na mwarifu wa bima.

Kwa taa, hesabu ni hii: wati 120 kwa volti 12 ni ampea 10. Waya wa milimita za mraba 2.5, fyuzi ya 15 iliyo karibu na betri, na rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme). Waya uliosokotwa kwa vidole na kuzungushiwa tepu hautakiwi chini ya boneti lenye joto na maji. Anayekuja mbele yako barabarani akupishe akiwa anaona: taa za paani zizimwe kwenye lami.

La mwisho linahusu uhai. Magari kutoka Japani huja na pete ndogo chini ya chasisi, mbele na nyuma. Ziliwekwa za kufungia gari melini. Si za kuvutia gari lililozama. Gari la tani 2 lililonaswa na matope hadi ekseli huhitaji nguvu inayozidi uzito wake, na pete hiyo ikichomoka na kamba inayonyumbuka huruka kama risasi. Vivyo hivyo mpira wa kuvutia trela: usifungwe kamba ya kuvutia hata siku moja. Fungisha ndoano iliyopimwa, iliyoshikwa na bolti mbili au zaidi za daraja la 8.8 au 10.9, zenye bamba la chuma ndani ya chasisi. Kamba inayonyumbuka ya mita 9, iliyoandikwa nguvu mara mbili hadi tatu ya uzito wa gari. Shakeli (pingu za chuma za kuungia kamba) za tani 3.25 au 4.75, koleo, ubao mgumu wa sentimita 40 kwa 40 wa kuweka chini ya jeki. Hivyo ndivyo vya kununua kabla ya winchi. Kamba ya chuma isivutwe kwa kushtukiza, na watu wote wasimame mbali kuliko urefu wa kamba, kando, si kwenye mstari wake. Watoto wa kijiji wanaokuja kusukuma wahamishwe kwanza.

Na kwa wenzangu wa jua kali, Nakuru na Kisumu: mteja akileta ndoano aliyokata kwenye chuma chakavu akitaka ichomelewe kwenye chasisi, tumkatalie, hata kama atakwenda kwa jirani. Akikubali ya bolti, tuitoe nguzo ya betri kabla ya kuchomelea chochote karibu nayo, tutoboe kwa drili badala ya gesi, na tupake rangi kila tundu siku hiyo hiyo.

Fundi wa magari,
Nakuru